WALIMU WA KUJITOLEA: NAMNA YA KUWAPATA NA KUDUMU NAO

Yako mambo mawili ambayo kijiji chaweza kuyafanya kwa ajili ya shule yake. La kwanza ni kujenga. Na katika hilo watu wa nchi ya Bulyanhulu hawahitaji kufundishwa, maana wamekwisha kuchanga mchanga, mawe na maji mara nyingi, na vyumba vya madarasa vyaonekana. La pili ni kumsaidia mtoto aliyemo ndani ya chumba hicho apate kulishika lile alilofundishwa. Hili la pili halina bati wala saruji, wala hakuna mgeni aitwaye kuja kulikatia utepe, na kwa hiyo husahauliwa. Katika makala haya twataka kueleza habari za walimu wa kujitolea na walezi wa wanafunzi: ni watu gani, wapatikana wapi, wachaguliwe na nani, na kwa nini kazi yao katika mahali pengine hufa kabla ya miezi mitatu kupita.

Kwanza na tupige hesabu ndogo. Tuseme mwalimu mmoja ana watoto 80 darasani, na kipindi chake ni cha dakika 40. Akitaka kumsikiliza kila mtoto akisoma kwa sauti, basi kila mmoja atapata nusu dakika, na hapo mwalimu hajaandika hata neno moja ubaoni. Mwalimu huyo si mvivu, wala hakukosa elimu. Ni hesabu ndiyo iliyomshinda. Ada ya shule za msingi iliondolewa, na mwaka 2002 ukaanza mpango mkubwa wa elimu ya msingi ulioitwa MMEM. Kuanzia Januari 2016 ada ikaondolewa pia katika shule za sekondari za serikali mpaka kidato cha 4. Watoto wakajaa madarasani, nasi twafurahi kwamba walijaa. Lakini mlango ukifunguliwa wazi namna hiyo, watu wa ndani nao huhitaji wa kuwasaidia kupokea wageni.

Tena katika nchi yetu liko jambo la lugha. Mtoto wa Segese au Lunguya aamka asubuhi akisema Kisukuma na mama yake. Aendapo shule ya msingi akuta Kiswahili. Amalizapo darasa la 7 na kuchaguliwa kwenda kidato cha kwanza, akuta kwamba fizikia, historia na hesabu zote zimevaa Kiingereza. Mito hiyo ni miwili, na mtoto huvuka yote kabla hajatimiza miaka 15. Mwenye baba aliyesoma huvushwa kwa mkono. Asiye naye huachwa ukingoni, akanakili maneno ya ubaoni kama achoraye picha. Walimu wa sekondari watujulishapo kwamba mtoto fulani “hana akili”, yatupasa kuuliza kwanza kama alikosa akili au alikosa mtu wa kumweleza neno moja alilolikosa siku ya kwanza, nalo likamfungia mengine mia.

Aachwaye ukingoni hakai ukingoni siku nyingi. Kwa mvulana liko duara la wachimbaji wadogo, liko karasha, na uko mwalo wa kuoshea mchanga, ambako mikono hushika zebaki. Siku moja ya bahati huko yaweza kumpa fedha ambazo baba yake hakuzishika kwa mavuno ya pamba. Kwa msichana iko ndoa. Uchunguzi wa afya na uzazi uliofanywa nchini mwaka 2010 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Shinyanga wa wakati ule, kabla ya kugawanywa mwaka 2012, wanawake 59 katika kila 100 wenye umri wa miaka 20 hata 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza 18. Hesabu hiyo ilikuwa kubwa kuliko ya mikoa mingine yote. Basi anayemsaidia mtoto kuelewa sentensi ya Kiingereza hafanyi mchezo. Amshika mtoto huyo katika saa ambayo wengine wawili au watatu wamvuta kwa upande wa pili.

Wako watakaosema kwamba kumfundisha mtu bila kuwa mwalimu wa serikali ni jambo geni. Si geni, na wazee wa mikoa ya Ziwa walikumbuke. Tangu mwaka 1968 mpaka miaka ya kwanza ya 1970 ulikuwako Mwanza mradi wa elimu ya watu wazima uliosaidiwa na UNESCO, uliohudumia Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi. Watu walijifunza kusoma kwa vitabu vilivyoeleza kilimo cha pamba, ufugaji na mambo ya nyumbani. Mwalimu Nyerere aliufanya mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kampeni ikaenea nchi nzima. Waliofundisha hawakuwa walimu peke yao. Wengi walikuwa vijana waliomaliza darasa la 7, na watu wa kawaida waliojua kusoma, wakapewa bahashishi ya shilingi 30 kwa mwezi. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walihesabiwa kuwa 67 katika kila 100. Mwaka 1975 wakawa 39. Mwaka 1986 walisemwa kuwa chini ya 10. Mtu aweza kubishana juu ya mtihani uliotumika, kama ulikuwa mgumu au mwepesi, lakini hawezi kukana kwamba maelfu ya bibi na babu waliandika majina yao kwa mara ya kwanza wakifundishwa na kijana wa jirani.

Lakini tusidanganyike kwamba kupata watu wa kujitolea ndiyo kazi yote. Katika wilaya ya Jaunpur, huko Uttar Pradesh nchini Bara Hindi, shirika la Pratham lilijaribu jambo hili mwaka 2005 na 2006. Vijana wa vijijini walifundishwa namna rahisi ya kusomesha, wakafungua makambi ya kusoma bila malipo. Wataalamu walipokwenda kupima walikuta mambo mawili. Watoto waliohudhuria walifaidika sana. Hata wale wasiotambua herufi moja waliweza kuzitambua. Lakini waliohudhuria walikuwa watoto 8 tu katika kila 100. Walimu walikuwapo, chaki zilikuwapo, ila watoto hawakuwapo. Kwa nini? Kwa sababu kila mtu alidhani kwamba likitangazwa jambo jema watu watakuja wenyewe, na mzazi asiyejua kusoma hakuwa na njia ya kujua kwamba mtoto wake, aendaye shule kila siku akiwa amevaa sare, hajui kusoma. Sisi twaona habari hii ya Jaunpur yafaa kuliko habari nyingi za ushindi, maana yatuonyesha mahali pa kuanzia: kabla hujamtafuta mwalimu, mjue mwanafunzi, tena umjulishe baba yake.

Kumjua mwanafunzi si kazi ngumu. Mpango wa Uwezo, ulioanza Tanzania mwaka 2010, ulitumia watu wa kujitolea waliokwenda nyumba kwa nyumba na karatasi. Mtoto huonyeshwa silabi, akizisoma huonyeshwa maneno, kisha aya, kisha hadithi fupi ya kiwango cha darasa la 2. Anapokwama ndipo mahali pake. Mtu yeyote aliyemaliza kidato cha 4 aweza kufanya hivyo chini ya mwembe kwa muda mfupi, na baba akiwa amekaa kigodani pembeni, asikie kwa masikio yake. Twajua kwamba baba wa namna hiyo, akisikia mtoto wa darasa la 5 ameshindwa kusoma neno “kalamu”, hahitaji kuhubiriwa juu ya faida ya elimu. Hatukanwi mtoto wala mwalimu; huulizwa tu kama yuko tayari kumwachilia mtoto saa mbili, siku tatu za juma, na nani atachunga ng'ombe saa hizo.

Sasa twaja kwenye swali la watu. Wako wapi hao wa kujitolea?

Tazama kalenda ya shule, utawaona. Mtihani wa kidato cha 4 humalizika Novemba. Matokeo hutoka Januari, na waliochaguliwa huanza kidato cha 5 mwezi wa Julai. Kwa hiyo kijana aliyemaliza vema hukaa nyumbani miezi saba, kichwa chake kikiwa bado kimejaa hesabu na kemia. Mtihani wa kidato cha 6 hufanywa Mei, na vyuo vikuu hufunguliwa Oktoba au Novemba. Wengine huitwa JKT katikati, lakini wakirudi bado wana wakati. Sasa tazama upande wa pili: watoto wa darasa la 7 hufanya mtihani Septemba, na kidato cha kwanza huanza Januari. Miezi mitatu mizima hawana shule, nayo ndiyo miezi iliyo mbele ya ule mto wa Kiingereza tuliousema. Wenye fedha huwapeleka watoto wao mjini Kahama kwa masomo ya kulipia. Wasio na fedha huwaacha. Na katika kijiji hichohicho yupo msichana aliyemaliza kidato cha 6, aketiye barazani akisubiri barua ya chuo. Watu hawa wawili, mwenye kiu na mwenye mtungi, hupitana njiani kila siku wakiamkiana.

Liko zuio moja nalo tulitaje. Mvua za nchi yetu huanza mwezi wa Novemba, na jembe halingoji. Kijiji kinachotaka mafunzo ya Oktoba hata Desemba lazima kipange saa za mchana baada ya kutoka shamba, si asubuhi. Na walio mbali na kituo wasipangiwe siku tano. Afadhali siku tatu zinazohudhuriwa kuliko tano za kwenye karatasi. Miezi ya Juni na Agosti, baada ya mavuno, ni mepesi zaidi. Shida yake ni ngoma na harusi, ambazo nazo hatuwezi kuwakataza watu.

Mbali na hao waliotoka shuleni, wako vijana waliohitimu ualimu wakingojea ajira. Wako walimu wastaafu, ambao miguu imechoka lakini sauti haijachoka. Wako wauguzi wa zahanati, makarani wa vyama vya ushirika, na mafundi. Na kwa nchi ya Bulyanhulu wako wafanya kazi wa mgodi. Mgodi huu wa chini ya ardhi, ulioanza kutoa dhahabu mwaka 2001, una wapimaji, mafundi wa umeme, wakemia wa maabara na madaktari. Mtoto wa Kakola huona ua wa mgodi tangu azaliwe, asijue kwamba mpimaji aliye chini huko hutumia hesabu ileile ya pembetatu ambayo yeye aliichukia jana. Mtu wa namna hiyo hana haja ya kufundisha kila juma, maana kazi yake ni ya zamu. Akija shuleni mara moja kwa mwezi, akakaa na wanafunzi kumi wa kidato cha 3, akawaambia alisoma nini, alishindwa wapi, na mshahara wake wategemea kujua nini, amefanya kazi ya mlezi.

Hapa yatupasa kutofautisha, maana watu huchanganya. Mwalimu wa kujitolea hushughulika na somo: kusoma, hesabu, Kiingereza. Mlezi hushughulika na mwenye kusoma: kwa nini hakuja Jumatatu, nani amemwahidi simu, baba ametaja mahari ya ng'ombe wangapi. Mtu mmoja aweza kufanya yote mawili, lakini si kila mmoja. Wako wajuao aljebra wasiojua kusikiliza, na wako mama wasiojua aljebra ambao mtoto huwaambia siri yake. Kwa wasichana, mlezi na awe mwanamke. Shirika la CAMFED, lililoanza kazi Tanzania mwaka 2005, limefuata njia hiyo: wanawake vijana waliosoma katika shule za vijijini hurudi katika shule zilezile wakiwa walezi, wakaongoza vipindi vya stadi za maisha na kuwatembelea nyumbani walioacha kuja. Hawalipwi mshahara. Walakini hupata mkopo usio na riba wa kuanzisha biashara, na cheti kinachotambuliwa, ambacho huwasaidia kuendelea na chuo, ualimu nao ukiwamo. Uchunguzi wa wataalamu wa Cambridge uliotolewa mwaka 2018 ulikuta kwamba wasichana waliopata msaada wa shirika hilo Tanzania waliendelea katika Kiingereza na hesabu kuliko wenzao wasioupata.

Tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana walioacha shule kwa sababu ya kujifungua warudi. Ruhusa ni neno la Dodoma; kumfuata binti nyumbani kwa mama yake na kumwambia “njoo, kiti chako kipo” ni kazi ya mlezi, na asipokuwapo mlezi ruhusa hukaa ofisini.

Namna ya kuwaita watu hawa nayo ina adabu yake. Tumeona mahali pengine tangazo likibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kijiji, likaliwa na mchwa, kisha ikasemwa kwamba vijana wa siku hizi hawapendi kujitolea. Wasukuma walikuwa na njia bora zamani. Vijana wa kijiji walikuwa na kiongozi wao, nsumba ntale, naye alipopiga mbiu ya kulima shamba la mtu, vijana walikuja na majembe, wakaimba, wakala, wakaenda. Hawakuitwa na karatasi. Waliitwa na mtu waliyemchagua, kwa kazi iliyojulikana mwanzo na mwisho wake. Hata sungusungu, ulioanza katika nchi hizi za Kahama mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya wizi wa ng'ombe, ulisimama kwa sababu kila nyumba ilijua zamu yake. (Twajua pia kwamba sungusungu mahali pengine ulivuka mpaka, ukapiga na kutoza faini bila hukumu, wala hatusemi walimu wa kujitolea walazimishwe kwa faini. Mtu aliyelazimishwa hufundisha kama afungaye mbuzi.) Twasema tu kwamba mwenyekiti wa kijiji na mwalimu mkuu waende nyumbani kwa kijana, wamwombe mbele ya wazazi wake, wamwambie: ni watoto 15, ni siku tatu kwa juma, ni tangu tarehe 1 Oktoba mpaka tarehe 15 Desemba, kisha umemaliza. Kijana aombwaye msaada usio na mwisho hukubali kwa heshima, akatoroka kimya.

Ya kwamba kijiji kinaweza kuchagua vema tumekwisha kuona katika mkoa wetu. Mradi wa EQUIP-Tanzania, ulioanza mwaka 2014 kwa msaada wa Uingereza, ulikuwa na mpango wa kuwaandaa watoto wa mahali pasipokuwa na darasa la awali karibu. Jumuiya yenyewe ilimchagua mtu wake wa kufundisha, akapata mafunzo mafupi, akawakalisha watoto kwa hadithi na michezo ya Kiswahili majuma 12, ambayo baadaye yaliongezwa. Shinyanga ilikuwa katika mikoa ya kwanza. Jambo tulipendalo katika mpango ule ni kwamba mwalimu wa jumuiya alijua Kisukuma cha mtoto aliyekuwa akilia, akaweza kumbembeleza kwa lugha ya mama yake na kumwingiza katika Kiswahili polepole.

Mafunzo ya siku tatu yatosha kuanzia, kama yataongozwa na mwalimu mzuri wa shule hiyo. Siku ya kwanza wajifunze kupima mtoto kama tulivyoeleza. Siku ya pili wajifunze kuwagawa watoto kwa kujua kwao, si kwa darasa lao, hata mkubwa wa darasa la 6 akae na mdogo wa darasa la 3 ikiwa wote wamekwama kwenye maneno. Siku ya tatu wafundishe mbele ya wenzao, wakosolewe. Katika miji ya Mumbai na Vadodara, miaka ya 2001 hata 2003, wasichana waliomaliza sekondari walipewa mafunzo ya majuma mawili tu, wakawachukua watoto 15 hata 20 waliobaki nyuma kwa saa mbili kila siku, na watoto wale wakapanda katika mitihani. Wahindi wakawaita wasichana hao balsakhi, yaani rafiki wa mtoto. Lakini tusifiche: hao walilipwa, ijapokuwa kidogo sana kuliko mwalimu.

Je, wa kwetu walipwe? Maoni yetu ni haya. Mshahara hapana, maana kijiji hakitauweza na siku utakapokoma kazi itakufa. Lakini kujitolea si kufunga njaa. Atembeaye mbali apewe baiskeli au nauli. Afundishaye mpaka jioni apate chakula. Wote wapewe chaki, daftari na sabuni. Na kila amalizaye muhula apewe barua ya mwalimu mkuu, yenye mhuri, ikieleza siku alizofundisha na somo alilofundisha. Msidharau barua hiyo. Kijana atafutaye kazi huibeba mahali pote. Wakati wa kampeni ya miaka ya 1970 zile shilingi 30 zilipochelewa, walimu walivunjika moyo kuliko kama zisingaliahidiwa kabisa. Basi ahidini kidogo, mtoe kwa siku yake. Na twaomba msitumie fedha hizo kwa fulana na sherehe ya ufunguzi. Fulana haijui kusoma.

Wengine husema, “Mgodi ufanye.” Sheria ya Madini, kama ilivyorekebishwa mwaka 2017, yaitaka kampuni iandae kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii na kuafikiana na halmashauri, na halmashauri hupata ushuru wa huduma kutokana na mapato ya mauzo. Ni haki ya kijiji kupitia diwani wake kuomba madawati, taa za jua na vitabu katika mpango huo, na kuuliza vimefika wapi. Lakini hakuna kampuni iwezayo kukaa na mtoto wako saa kumi jioni na kumsikiliza akisoma.

Sasa jambo ambalo hatutalipita kwa haraka. Si kila apendaye kuwa karibu na watoto awapenda watoto. Mwanamume aliyefukuzwa kijiji kimoja kwa aibu aweza kujitokeza katika kijiji cha pili akisema amekuja kujitolea, na wazee wakafurahi. Kwa hiyo asipokelewe mtu yeyote mpaka mtendaji wa kijiji amepata habari zake kutoka kule alikotoka, na mwalimu mkuu na Afisa Elimu Kata wamekubali. Mafunzo yafanywe shuleni au mahali pa wazi, kamwe si chumbani kwa mtu; milango iwe wazi; wakubwa wawe wawili; na kabla jua halijazama wasichana wawe wamekwisha kufika kwao, wakitembea pamoja. Zawadi za siri, hata ikiwa vocha ya simu, zikatazwe. Kila mtoto aambiwe mapema kwamba anaweza kumweleza mlezi mwanamke, au ustawi wa jamii, au kupiga simu namba 116, ambayo hailipiwi. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, anayempa mimba mwanafunzi au kumwoa aweza kufungwa miaka 30. Wazee wasikae kuyamaliza mambo hayo kwa ng'ombe. Walimu wa kujitolea walio wema hawatachukia masharti haya, maana yawalinda nao na maneno ya watu.

Na walimu wa shule, wapendwa wetu, wasiwaone vijana hawa kama wapelelezi. Mwalimu ndiye mwenye darasa. Kijana na amwendee kila Ijumaa aulize juma lijalo litafundishwa nini, ili asimfundishe mtoto njia nyingine ya kugawanya ikamchanganya. Palipokosekana mapatano hayo, mtoto hujikuta ana mabwana wawili.

Yatosha daftari moja kwa kila kundi. Upande wa kushoto yaandikwe majina ya watoto na kiwango cha kila mmoja siku ya kwanza: silabi, neno, aya au hadithi. Katikati mahudhurio. Upande wa kulia kiwango chake baada ya majuma manne, na baada ya manane. Asiyekuja mara mbili mfululizo aandikiwe alama, na mlezi aende kwao siku ileile, si mwisho wa mwezi. Kila mwezi daftari lisomwe katika halmashauri ya kijiji, bila kutaja aliyeshindwa kwa jina, wajumbe wapate kujua wangapi wamehama kutoka neno hadi aya. Na kijana aendaye chuoni Oktoba alikabidhi daftari lake kwa atakayebaki, mbele ya mwalimu mkuu, pamoja na ufunguo wa chumba na chaki zilizosalia, wote watatu watie sahihi.